Kaveera ndani ya kaveera

Hivi marufuku ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ilimhusu nani? Tangu 2009 sheria ya Uganda inakataza mifuko ya plastiki iliyo chini ya mikroni 30. Nenda soko lolote Kampala: nyanya, kaveera. Pilipili mbili (mbili tu!), kaveera dogo la peke yake. Kisha yote yanatumbukizwa kwenye kaveera kubwa jeusi. Ukitoa kikapu chako, unatazamwa kama mwizi. "Ssebo (bwana), chukua tu, ni bure!" Hata rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) inayofuka moshi inavishwa plastiki. Mvua ikinyesha, mifereji inaziba, na anayepiga kelele kuliko wote kuhusu mafuriko ni yule aliyerusha kaveera lake dirishani mwa teksi. Tena anataka sheria mpya!