Waombaji wenye ulemavu wapo, tangazo ndilo linalowazuia

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Ukiuliza mbona idadi haijafika, maofisa utumishi wengi watakwambia watu hao hawaombi kazi. Mimi nasema waanze kwa kulikagua tangazo lao wenyewe la kazi.

Tangazo likishagongwa mhuri na kutiwa saini, linaskaniwa, linakuwa PDF, linarushwa WhatsApp. PDF hiyo ni picha tupu. Asiyeona anatumia TalkBack kwenye simu au NVDA kwenye kompyuta, programu zinazosoma maandishi kwa sauti, na kwenye picha hazina uhakika wa kuokota neno. Kupima ni dakika moja: fungua faili, jaribu kunakili sentensi moja. Ikigoma, hapo kuna mtu umeshamfungia nje. Hifadhi PDF moja kwa moja kutoka Word, saini ibandikwe chini kama picha ndogo, na kwenye WhatsApp andika maneno yenyewe badala ya kutuma bango. Fomu ya mtandaoni nayo ijaribuni bila kugusa kipanya, kwa kibodi peke yake, mkihama kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab. Mkikwama katikati, na mwombaji atakwama hapohapo. Kila kisanduku kiwe na jina lake. Kisipokuwa nalo, asiyeona anasikia tu kwamba kuna mahali pa kuandika, hajui ni pa jina au pa tarehe ya kuzaliwa.

Kwenye usaili, kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na gharama ni ya mwajiri. Kumwambia aje na ndugu yake ni kumnyima usaili, kwa sababu ndugu huishia kumjibia. Usaili ukizidi muda wa saa moja, tafuteni wakalimani wawili wapokezane. Mkalimani aliyechoka hurukaruka maneno, na hasara inamwangukia mwombaji. Maswali yaelekezwe kwa mwombaji, naye ndiye wa kutazamwa.

Halafu rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo, ambayo inaniuma kweli kwa sababu fedha imeshatumika na mtu bado hapiti. Kipimo ni kimoja kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, kwa hiyo rampu iwe mita 5.4. Fundi asiyepewa kipimo humwaga zege la mita moja na nusu, na mwenye kiti mwendo akijaribu kupanda peke yake anaweza kupinduka kinyumenyume. Eneo likiwa finyu, rampu ikunje kona, na kwenye kona pawe na sakafu bapa ya mita 1.5 ya kugeuzia kiti. Mlango ubakize uwazi usiopungua sentimita 80 ukiwa wazi. Na choo kilichojengwa kwa ajili ya watu hawa kisigeuzwe stoo ya ndoo na mafagio.

Mwenye ualbino mara nyingi uoni wake ni hafifu: mtihani wa usaili uchapwe kwa herufi kubwa, na asikalishwe akitazama dirisha lenye jua.

Yote haya hayawezi kuandaliwa bila taarifa, kwa hiyo tangazo liwe na mstari unaomwalika mwombaji aseme anahitaji nini siku ya usaili, pamoja na namba ya simu. Namba hiyo ipokee na ujumbe mfupi, maana kiziwi hatapiga.