Manu Dibango na Taazia ya Wimbo Mmoja

Jumanne ya tarehe 24 Machi 2020, Manu Dibango, mpuliza saksafoni wa Kameruni, alifariki dunia hospitalini nchini Ufaransa akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuugua Korona. Ilikuwa siku ya nane tangu Wafaransa waamriwe kutotoka majumbani, na familia yake ikatangaza kwamba mazishi yangefanyika faraghani, heshima za hadhara zikisubiri mpaka hali itakaporuhusu. Msiba ukawa hauna matanga. Sisi tuliompenda kwa mbali, ambao hata siku za kawaida tusingefika kaburini, tulibaki na santuri zetu na yale yaliyoandikwa magazetini, na kwa siku kadhaa nilisoma kila taazia iliyonifikia. Karibu zote zilipita njia ile ile: sentensi ya kwanza ilimtaja marehemu kuwa mwenye wimbo wa Soul Makossa wa mwaka 1972, na kabla aya ya tatu haijaisha alikuwa ameshaingia Michael Jackson, aliyekitumia kiitikio cha wimbo huo.

Swali ninalotaka kulipima ni kama huo ulikuwa ukumbusho wa haki. Wapo wanaosema kwamba ulikuwa wa haki kabisa, kwa kuwa dunia humkumbuka msanii kwa kile kilichoifikia dunia. Wapo wengine, nami nimo miongoni mwao, wanaoona kwamba mtu aliyeishi na saksafoni kwa zaidi ya miaka sitini alizikwa ndani ya wimbo wa dakika nne na ushei.

Hoja ya upande wa kwanza haistahili kudharauliwa. Taazia huandikiwa watu wengi, na wengi wao wanahitaji mahali pa kushika kabla ya kuambiwa mengine. Isitoshe, wimbo wenyewe una historia ambayo mwandishi yeyote angeona vigumu kuiacha. Kameruni ilipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972, Dibango alirekodi wimbo rasmi wa mashindano yale, na Soul Makossa ukawekwa upande wa pili wa santuri, mahali ambapo wanamuziki huweka kile kisichotarajiwa kusikilizwa sana. Kameruni haikulitwaa kombe, na wimbo rasmi ukasahaulika pamoja na mashindano. Upande wa pili ndio uliosafiri. Nakala yake iliangukia mikononi mwa David Mancuso, aliyekuwa akipiga santuri katika tafrija zake za The Loft huko New York, baada ya kuikuta katika duka la Brooklyn lililouza muziki wa Karibi. Nakala zilikuwa adimu kiasi kwamba bendi nyingine zilikimbilia kuurekodi upya wimbo huo ili kuwahi soko, na toleo la Dibango mwenyewe lilipotolewa rasmi Marekani mwaka 1973, lilipanda hadi nafasi ya 35 katika orodha ya nyimbo ya jarida la Billboard. Wimbo huo ulimfungulia jukwaa la Apollo kule Harlem, na ukamkutanisha na Fania All-Stars, magwiji wa salsa, ambao aliupiga pamoja nao. Yeye mwenyewe hakuukana hata siku moja. Aliupiga mpaka uzeeni, na watu walisimama kucheza kila alipoupiga. Kijana aliyekutana na kiitikio chake kwa mara ya kwanza mwaka 2007 kupitia Rihanna naye ni mfiwa, na sina haki ya kumwambia kwamba machozi yake hayatoshi.

Hayo nayakubali yote. Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo tangu siku ile haijaniacha. Dibango alizaliwa Douala tarehe 12 Desemba 1933, kwa hiyo aliporekodi Soul Makossa alikuwa na umri wa miaka 38. Nyuma yake kulikuwa na miaka 23 tangu aliposhuka melini Ufaransa akiwa mvulana wa miaka 15. Mbele yake kulikuwa na miaka 48 ya kazi. Ukiichukua taazia ya kawaida na kuipima kwa rula, utaona kwamba miaka ile 23 hupewa sentensi mbili, miaka 48 hupewa tatu, na mwaka mmoja uliobaki huchukua ukurasa. Sijui seremala ambaye angekubali maisha yake yasimuliwe hivyo, kwamba alitengeneza kiti kimoja kikanunuliwa na tajiri.

Tuanze na ile miaka 23, kwa maana ndiyo inayoeleza sauti yake. Mwaka 1949 wazazi wake walimpeleka shule Ufaransa, kwa safari ya meli ya majuma matatu, akiwa na kilo tatu za kahawa za kuilipa familia iliyompokea katika mji mdogo wa Saint-Calais. Kahawa hiyo aliipa heshima ya kuwa jina la kitabu cha maisha yake. Mama yake alikuwa mshonaji na kiongozi wa kwaya ya kanisa, na kabla ya kuijua saksafoni mtoto huyo alikuwa ameshafundwa na nyimbo za ibada, zile ambazo sauti moja huita na nyingine nyingi huitika. Huko Ufaransa alisomea piano, akakutana na Mkameruni mwenzake Francis Bebey, ambaye naye alikuja kuwa mwanamuziki mkubwa, na Bebey ndiye aliyemfungulia mlango wa jazi. Wakaunda kikundi kidogo cha kupiga muziki wa Duke Ellington. Aliposhindwa mtihani wa kumaliza sekondari, baba yake alikata msaada wa fedha, na mwaka 1956 kijana akahamia Brussels kutafuta riziki katika klabu za usiku. Huko akawa mpulizaji wa kazi, anayepiga chochote kinachoagizwa, kila usiku, mbele ya wateja waliokuja kucheza na kunywa. Mtu husema kwa wepesi kwamba fulani ana sauti yake mwenyewe. Sauti ya Dibango, ile nzito yenye mikwaruzo kidogo inayofanana na kicheko chake, ilipatikana katika usiku wa namna hiyo.

Brussels ndiko alikokutana na mwimbaji wa Kongo Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, na bendi yake ya African Jazz, na hapa ndipo maisha yake yanapotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1961 alirekodi nao, kisha akawafuata hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika bendi iliyokuwa na Dokta Nico kwenye gitaa na Rochereau kwenye sauti. Alikaa Kongo mpaka mwaka 1963 hivi, akaendesha klabu ya usiku, akatoa Twist à Léo. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye santuri za Kikongo tulimsikia Dibango miaka kumi kabla ya New York, ila hatukujua kwamba ni yeye. Marehemu mjomba wangu alikuwa na santuri ya African Jazz ya mwaka 1961, iliyorekodiwa Brussels, na kila saksafoni ilipoingia alikuwa akinyoosha kidole juu na kutuambia watoto tunyamaze tulisikilize domo la bata, kama wapenzi wa dansi walivyokiita chombo hicho.

Kipindi hiki cha Kongo nakiona kuwa ufunguo wa mjadala wote. Wako wajuzi wa jazi wa Ulaya waliosema kwa miaka mingi kwamba Dibango hakuwa mtu wa jazi hasa, kwa kuwa muziki wake ulichezeka mno. Wako na Waafrika waliosema kinyume chake, kwamba alikuwa Mfaransa mno. Wote wawili wanatumia kipimo ambacho Kongo na kwetu hakikuwahi kutumika. Neno jazz, katika African Jazz, katika OK Jazz, katika Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na NUTA Jazz, lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza, inayopiga ili watu wacheze. Hatukuwahi kuwa na jazi ya kukaa kitini upande mmoja na dansi upande mwingine. Dibango aliingia Léopoldville akiwa na jazi ya Ellington kichwani, akatoka akiwa na jazi ya Kabasele miguuni, na tangu hapo hakuzitenganisha tena. Anayeshangaa kwamba mpenzi wa Louis Armstrong na Sidney Bechet alipiga muziki wa klabu za dansi, amesahau kwamba Armstrong naye alianza kwa kuwapigia watu wanaocheza.

Ile miaka 48 ya baadaye nitaipitia haraka, ingawa kila kituo kingestahili makala yake. Kuanzia mwaka 1975 aliongoza okestra ya redio na televisheni ya Ivory Coast mjini Abidjan, kazi ya kila siku ya kupanga muziki na kulea wanamuziki. Baadaye alikwenda Kingston, Jamaika, kurekodi na wapiga rege Sly Dunbar na Robbie Shakespeare. Njaa ilipoikumba Ethiopia katikati ya miaka ya 1980, aliwakusanya wanamuziki wa Kiafrika warekodi wimbo wa kuchangisha fedha. Mwaka 1985 alitoa albamu ya Electric Africa akiwa na mpiga piano wa jazi Herbie Hancock, na mwaka 1994 Wakafrika, iliyowakutanisha waimbaji wa pande nyingi za bara hili. Mwaka 2004 UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani. Mtu wa wimbo mmoja hafanyi hayo.

Nirudi kwa Michael Jackson, kwa sababu hapo ndipo pande zote mbili zina la kusema. Mwaka 1982 Jackson alikitumia kiitikio cha Soul Makossa, zile silabi zinazorudiwa kama kigugumizi, mwishoni mwa wimbo wa kwanza wa albamu ya Thriller, bila kumuuliza mwenyewe, na baadaye wakapatana nje ya mahakama. Rihanna alipokichukua mwaka 2007, ruhusa ilitoka kwa Jackson. Mahakama ya Ufaransa iliagiza jina la Dibango liandikwe katika matoleo ya Ufaransa yatakayofuata, naye akaiondoa kesi yake. Alipofungua nyingine mwaka 2009 akidai fidia ya euro 500,000, alijibiwa kwamba kwa kuiondoa ile ya awali alikuwa ameachia haki ya kudai zaidi. Watetezi wa taazia zile husema kwamba habari hii lazima isimuliwe, kwa kuwa ni somo kuhusu hakimiliki ya Mwafrika, nami nakubali kwamba msanii kijana wa Kinondoni au wa Goma anapaswa kuijua kabla hajaweka saini popote. Dibango mwenyewe aliuchukulia uzito mzigo huo wa mirabaha, hata akakubali kuongoza chama cha wanamuziki cha kukusanya mirabaha nchini Kameruni, kazi iliyomletea magomvi kuliko shukrani.

Ila kuna tofauti kati ya kusimulia dhuluma na kumfanya mtu awe dhuluma yake. Majira yale yale ya mwaka 2020, Korona iliwachukua mpiga tarumbeta Wallace Roney, mpiga piano Ellis Marsalis, na tarehe 15 Aprili mpuliza saksafoni Lee Konitz, akiwa na miaka 92. Nilizisoma na taazia za Konitz. Zilieleza namna alivyopuliza, kwamba sauti yake ilikuwa nyepesi wakati wenzake wote walimfuata Charlie Parker. Zilimtaja mwalimu wake Lennie Tristano. Zilieleza jinsi alivyourudia wimbo ule ule maisha yake yote akiutafutia njia mpya. Hakuna aliyeuliza ni wimbo upi ulipanda nafasi ya ngapi, wala ni mwimbaji gani maarufu aliyemnakili. Konitz alililiwa kama mpulizaji. Dibango, mpulizaji mwenzake, aliyekufa kwa ugonjwa ule ule majuma matatu kabla yake, alipimwa kwa alichokitoa kwa waimbaji wawili wa pop. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na ndiyo sababu siwezi kuuona mjadala huu kuwa wa ladha tu.

Upande wangu nao una kosa lake. Katika kumwokoa Dibango na Soul Makossa, baadhi yetu tumeanza kuudharau wimbo wenyewe, kana kwamba ni doa katika kazi safi. Usikilize tena, ukikiacha kile kiitikio kipite. Saksafoni ndiyo inayoongoza. Sauti ya mtu inanong'ona na kunguruma, maneno yakiwa machache, kisha domo la bata linaingia kusema yaliyobaki, na kwaya inajibu kama kwaya ya mama yake kule Douala, juu ya besi na ngoma ambazo mtu wa Léopoldville angezicheza bila kufundishwa. Miaka 23 imo humo ndani. Kama taazia zingeueleza wimbo huo kwa namna hiyo, badala ya kutaja nafasi ya 35 na majina ya walioiga, nisingekuwa na ugomvi nazo hata kama zisingetaja wimbo mwingine wowote.

Santuri ya mjomba sasa ninayo mimi. Lebo yake ina jina la Kabasele na jina la bendi. La mpuliza saksafoni halimo, kama ilivyokuwa desturi. Usiku wa tarehe 25 Machi 2020 niliitoa kwenye jalada, nikaandika kwa kalamu ya risasi, pembezoni, Manu Dibango, 1961, kisha nikaiweka sahani ichezwe tangu mwanzo.