Nyumbani au makao ya wazee: bili ipo, tatizo ni nani anaiona

Mama alipotimiza miezi mitatu kitandani baada ya kiharusi, kaka yetu aliye Uingereza aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: kama Tanga kuna nyumba ya kulelea wazee, apelekwe huko, yeye atalipa. Kaka anaijua kazi hiyo. Huko ndiko anakopata riziki, anaogesha na kugeuza wazee wa watu kwa zamu. Hakuna aliyemjibu mpaka magharibi. Kisha mjomba akatuma ujumbe wa sauti, kwa hasira, kwamba mwanamke aliyezaa watoto watano hawezi kupelekwa makao kama mtu asiye na kwao.

Siku hiyo nilikuwa upande wa mjomba. Mwaka mmoja umepita, na leo naona wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili waliacha jambo moja kubwa nje ya hesabu.

Tuanze na huko kwa kaka, maana ndiko wazo lilikotoka. England, mzee anapoingia nyumba ya kulelewa, halmashauri ya eneo lake humpima mali. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia yote. Akiwa chini ya hapo husaidiwa kwa sehemu, na akishuka chini ya pauni 14,250 akiba yake haiguswi tena, ingawa pensheni yake karibu yote hukatwa kulipia matunzo. Nyumba anayoimiliki nayo huingizwa kwenye hesabu baada ya wiki 12 za mwanzo, isipokuwa humo anaishi mwenzi wake, au ndugu aliyefikisha miaka 60. Ndiyo maana wengi huko huishia kuuza nyumba. Wengine halmashauri huwalipia kwanza, deni likasubiri nyumba ije iuzwe, mara nyingi mwenyewe akiwa ameshafariki.

Sasa ilete hesabu hiyo Ngamiani, mtaani kwetu hapa Tanga. Nyumba anayolala mama ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, kama zilivyo nyingi kwenye barabara zetu za namba. Aliijenga marehemu baba. Mirathi haijagawanywa, na siku ikigawanywa, kwa sheria ya Kiislamu fungu la mama kama mjane mwenye watoto ni thumuni, sehemu moja katika nane. Kwa hiyo ukimwambia auze nyumba ajilipie, unamwambia auze mali ambayo sehemu kubwa ni ya wanawe. Kinachoweza kumsaidia ni kodi. Vyumba vitatu vina wapangaji, Sh40,000 kila kimoja, jumla Sh120,000 kwa mwezi.

Makao yenyewe je? Tanga tunayo ya serikali, Mwanzange. Hayatozi ada, lakini yapo kwa ajili ya mzee asiyejiweza na asiye na wa kumtunza, na njia ya kuingia ni kupitia ustawi wa jamii. Mkoa huu unajua vizuri kwa nini watu wa namna hiyo wapo. Mashamba ya mkonge yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji. Wengine walizeeka hapa hapa, bila ukoo wa kuwapokea. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inaiweka familia mbele katika kumtunza mzee, na makao yanakuwa njia ya mwisho. Mama ana watoto watano. Kumpeleka Mwanzange kungekuwa kumkalia kitanda mtu ambaye kweli hana pa kwenda. Tukatafuta ya kulipia mjini hapa, hatukupata.

Kwa hiyo mjomba alishinda, mama akabaki nyumbani. Na neno tulilokuwa tukilirudia wote likawa hili: nyumbani hakuna gharama.

Dada yetu mkubwa ana daftari la kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya kukandia. Humo anaandika kila anachonunua. Nilipolifungua mara ya kwanza nilikuwa nimelifuata nipate namba ya simu tu. Pampasi za wakubwa, Sh1,500 moja, tatu kwa siku. Piga kwa siku 30: Sh135,000. Yaani kodi ya vyumba vitatu haitoshi pampasi peke yake, hujagusa sabuni, dawa za presha wala bajaji ya kwenda hospitali ya Bombo na kurudi.

Halafu kuna kisichoandikwa. Bili ya kumlea mzee popote pale, ukiivunja, ina mafungu matatu: pa kulala, chakula na mahitaji ya kila siku, na mikono inayomhudumia. La kwanza mama analo. La pili tunachanga, wakati mwingine kwa kusukumana. La tatu daftari halina hata mstari mmoja, kwa sababu mikono ni ya dada mwenyewe.

Hebu tuipime. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi. Ukigawanya, nafasi moja isiyokosa mtu usiku na mchana inahitaji karibu watu wanne. Dada anaijaza peke yake. Kabla ya hapo alikuwa akikaanga vitumbua asubuhi, na kwenye siku nzuri akibakiwa na Sh8,000. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni Sh208,000. Jiko lile sasa limefunikwa gunia uani. Hiyo ndiyo ada tunayolipa, ila anailipa mtu mmoja, na sisi wengine tunasema hakuna gharama.

Hapa ndipo hoja ya kaka ina nguvu. Kwenye nyumba ya kulelea, watu hao wanne hawamhudumii mzee mmoja. Tuseme kila mmoja analipwa Sh200,000: ni Sh800,000 kwa mwezi, na zamu moja ikitunza wazee sita, kila familia inabeba kama Sh133,000 za mikono. Wanalala, wanabadilishana, na wamefundishwa. Hili la kufundishwa nalisema kwa uchungu. Mwezi wa nne mama alitoka kidonda juu ya kiuno, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Hakuna aliyempuuza. Dada alikuwa amelala kwa uchovu, na hakuna aliyetuambia kwamba mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku nao ukiwemo. Jirani muuguzi ndiye aliyekuja kutuonyesha jinsi ya kuweka mto katikati ya magoti. Mapenzi tulikuwa nayo tele, na kidonda kilitoka.

Lakini hoja ya mjomba nayo haifutiki kwa kikokotoo. Qur'ani, Surat al-Israa aya ya 23, inakataza hata kuwagunia wazazi wanapozeeka mbele yetu, na watu wa mtaa huu hawaichukulii aya hiyo kama pambo la ukutani. Mama anajua saa kwa adhana ya msikiti wa karibu. Majirani hupita ukumbini bila hodi ndefu, wakamsalimu, wakamwambia nani kaoa. Uji wa mkono wa dada anaumaliza. Wa mkono wangu anaufungia mdomo. Tulipokuja kumuuliza yeye mwenyewe kuhusu makao, jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo kabisa, aliuliza kwa ulimi ule mzito, "Nani atanisuka?"

Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee wa miaka 70 ana pensheni jamii, iliyoanza kwa Sh20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho cha mwanzo kisingelipa hata wiki ya pampasi, lakini pensheni hiyo ni ya mzee mwenyewe, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku bara mama, aliyeuza samaki maisha yake yote, hana cha kusubiri mwisho wa mwezi isipokuwa sisi.

Msimamo wangu, basi. Kwa mzee aliye katika hali ya mama, nyumbani ni bora, kwa sharti kwamba mikono ilipwe. Familia isiyoweza kulipa mikono haina haki ya kuwasema wanaotafuta makao. Na hali ikizidi, akihitaji kulishwa kwa mpira au vidonda vikirudi, mimi nitakuwa wa kwanza kulifungua tena suala la kaka, hata ikibidi kutafuta nje ya Tanga.

Wakati wa Idi tulikaa. Dada, alipoulizwa anataka nini, hakuanza na pesa; alitaka usingizi. Tumempata mama mmoja wa Mikanjuni wa kulala na mgonjwa, Sh150,000 kwa mwezi. Dada tumempangia Sh200,000. Ongeza pampasi, jumla Sh485,000. Sote tumekubali kodi imwendee mama, kwa hiyo toa Sh120,000; zinabaki Sh365,000, na tukigawana sisi wanne tusiolala pale, ni Sh91,250 kila mmoja. Daftari sasa lina safu mpya yenye majina yetu. Mwezi wa kwanza tumetoa watatu.