Lowndes ni rahisi kwa nani?

Kodi za nyumba zinapopanda Seattle au Minneapolis, mazungumzo ya Waswahili walioko Marekani hugeukia kusini. Hakosekani mtu mwenye jedwali lake la gharama za maisha: Alabama, Mississippi, Georgia ya vijijini. Nyumba ya vyumba vitatu inauzwa kwa pesa ambazo Seattle zinaishia kwenye malipo ya awali, na ardhi ipo tele. Kisha linakuja swali: tunang'ang'ania nini huku?

Ni swali la haki na nitalijibu kwa kaunti moja ambayo nimeifuatilia kwa miaka kadhaa, Lowndes ya Alabama, iliyo katikati ya miji ya Montgomery na Selma. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 10,311, wengi wao Wamarekani weusi. Ukiitazama kwenye jedwali, Lowndes ni rahisi kweli. Bei za jumla katika jimbo la Alabama ziko chini ya wastani wa taifa kwa takriban asilimia 10, na kodi ya majengo ni miongoni mwa zilizo ndogo kabisa Marekani. Familia nyingi za Lowndes hazilipi pango kwa mtu. Zinakaa juu ya ardhi ya babu.

Wanaosifu maisha hayo hawasemi uongo. Mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini Detroit au Chicago akarudi alikozaliwa, ana pensheni inayoingia kila mwezi na nyumba isiyodaiwa. Nyuma ya nyumba ana bustani ya sukuma na bamia, jirani zake ni binamu zake, na kanisani wanamjua kwa jina la utotoni. Jedwali halina safu ya mambo hayo, ila yana thamani kubwa. Kazi nazo zipo kiasi. Kiwanda cha magari cha Hyundai kilichoanza uzalishaji Montgomery mwaka 2005 kinaajiri watu kutoka kaunti za jirani pamoja na viwanda vinavyokiuzia vipuri. Mwenye ajira ya kudumu huko, anayelala kwenye ardhi ya familia, huenda anaweka akiba kuliko mwenzake wa Seattle anayepata mshahara mara mbili.

Hadi hapo hatuna ugomvi. Tatizo linaanza chooni.

Lowndes imo kwenye ukanda unaoitwa Black Belt, yaani Ukanda Mweusi, jina lililotokana kwanza na rangi ya udongo wake. Mtu wa Shinyanga au Mwanza akionyeshwa udongo ule atasema mara moja kwamba ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha unavimba, unanata na kukataa kabisa kupitisha maji. Chini yake kuna tabaka la chokaa. Pamba ilistawi sana humo na ndiyo iliyoleta mashamba makubwa ya watumwa. Karo la majitaka ni habari nyingine. Karo la kawaida hufanya kazi kwa kuachia maji yazame ardhini taratibu. Pasipozama, maji hayo hupanda yalikotoka: uwanjani, kwenye sinki, ndani ya bafu la kuogea.

Kwa udongo kama huo sheria ya jimbo inadai mfumo maalumu, ambao mara nyingi ni kilima cha mchanga kinachojengwa juu ya ardhi, pamoja na pampu na mabomba yake. Bei inayotajwa huanzia kama dola 15,000 na hufika hata 30,000. Naomba tutulie kidogo hapo. Alabama haina kima chake cha chini cha mshahara. Inatumia kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009. Zidisha kwa saa 40 na wiki 52, unapata dola 15,080 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa hiyo mfanyakazi wa kima cha chini akifanya kazi mwaka mzima, asile, asivae, asiweke mafuta garini, atakuwa amenunua karo la bei ya chini kabisa na kubakiwa na dola themanini.

Nakubali kwamba wengi wanalipwa zaidi ya 7.25. Basi tufanye mshahara ni maradufu. Bado tunazungumzia nusu mwaka wa jasho, au mwaka mzima kwa mfumo wa bei ya juu, ili maji ya choo yaondoke. Huko Seattle tunakokukimbia, huduma hiyo ni mstari mmoja kwenye bili ya mwezi.

Benki nayo haisaidii. Ardhi nyingi ya Lowndes ni ya mirathi isiyogawanywa. Babu alikufa bila wosia, kwa sababu hakuwaamini mawakili wala mahakama za wakati wake, na alikuwa na sababu. Leo ekari zile ni mali ya warithi ishirini au arobaini waliotawanyika hadi California. Sisi tunaolijua shamba la ukoo tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa: linamhifadhi kila mtu na halimruhusu yeyote kukopa. Bila hatimiliki yenye jina lako hupati mkopo wa nyumba, kwa hiyo unanunua trela, nyumba ya kuhamishika. Trela hukopeshwa mara nyingi kama gari, kwa riba kubwa na muda mfupi, na thamani yake hushuka mwaka hadi mwaka. Zile kuukuu hazizuii joto wala baridi, hivyo bili ya umeme ya Agosti na ya Januari inaweza kuumiza kuliko pango. Kwenye jedwali, mtu huyu anahesabiwa kuwa mmiliki wa nyumba mwenye gharama ndogo ya makazi.

Asiyeweza karo hufanya analoweza. Anaunga bomba kutoka chooni na kulielekeza kichakani, mita chache kutoka watoto wanapocheza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapo waliokamatwa na kushtakiwa kwa kosa hilo, maana sheria ya Alabama inalihesabu kuwa jinai. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes na kutunukiwa na wakfu wa MacArthur mwaka 2020, ndiye aliyelibeba suala hili kwa miaka mingi hadi likafika Umoja wa Mataifa. Mwezi Desemba 2017 mtaalamu wa umoja huo kuhusu umaskini uliokithiri, Philip Alston, alifika Alabama akajionea majitaka uwanjani.

Mwaka huohuo watafiti walichapisha matokeo ya kupima kinyesi cha watu 55 wa Lowndes. Walioonekana na dalili za minyoo ya safura walikuwa 19. Kwetu safura ni neno la zahanati, la bango la afya ya shule, la mtoto mwenye macho meupe kwa upungufu wa damu. Marekani waliianzishia kampeni mwaka 1909 kwa fedha za tajiri Rockefeller na baadaye wakaamini imekwisha. Lazima niseme kwamba sampuli ilikuwa ndogo na ilitoka kwa watu waliokuwa tayari na shida ya majitaka, kwa hiyo haifai kusema theluthi ya kaunti ina safura, kama wengine walivyosema. Inatosha kwamba ilipatikana.

Takwimu inayonikosesha raha zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Ukisoma kuhusu Lowndes utakutana tena na tena na makadirio kwamba kati ya asilimia 40 na 90 ya nyumba hazina mfumo wa majitaka unaofaa, au hazina kabisa. Itazame tena: kati ya 40 na 90. Tukiweka watu watatu kwa kila nyumba, kaunti ina zaidi ya nyumba 3,400, na pengo kati ya ncha hizo mbili ni zaidi ya nyumba 1,700. Serikali inayojua idadi ya paundi za pamba zilizovunwa kila msimu haikuwahi kuzunguka nyumba kwa nyumba ikatupa namba moja. Bajeti haiwezi kupangiwa namba ya namna hiyo. Kila makadirio ya gharama za maisha ya Lowndes yanayokupa jumla hadi dola ya mwisho yamejengwa juu ya pengo hilo.

Wapo wanaojibu, nao wana hoja. Kaya moja kati ya tano hivi Marekani inatumia karo lake yenyewe, na kokote vijijini mwenye nyumba ndiye anayeligharimia. Watu 10,311 wametawanyika kwenye kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,800. Kuvuta bomba la umma hadi kila mlango kungegharimu kuliko thamani ya nyumba zenyewe, na fedha hizo zingetoka kwa walipa kodi wengine. Wanauliza pia kwa nini watu wasihamie mahali penye huduma.

Hoja ya umbali naikubali nusu. Ni kweli bomba haliwezi kufika kila mahali. Lakini mwenye udongo wa kichanga kule kwingine huweka karo la kawaida kwa sehemu ndogo ya bei hii, wakati wa Lowndes anadaiwa bei ya udongo ambao hakuuchagua. Hata waliounganishwa na bomba la mji wa Hayneville, makao makuu ya kaunti, wanaolipa bili kila mwezi, wameona maji ya bwawa la majitaka yakirudi ndani mvua zikizidi.

Hoja ya kuhama inasahau ni nani anaambiwa ahame. Mwanzoni mwa 1965 hakuna mkazi mweusi wa Lowndes aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura, ingawa weusi walikuwa takriban wanne kati ya kila watano. Walipoanza kujiandikisha, wenye mashamba waliwafukuza kwenye nyumba walizokuwa wakikaa kwa kazi, na familia hizo zikaishi kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80, majira ya baridi yakiwakuta humo. Waliokataa kuondoka wakati ule ni wazazi na mababu wa wanaoulizwa leo kwa nini hawaondoki. Kipande cha ardhi kilichobaki mikononi mwao kimelipiwa kwa namna ambayo sokoni haina bei. Na ukihama, trela haliuziki kwa pesa ya maana, ardhi ni ya warithi arobaini, na huko mjini pango linakusubiri.

Nirudi kwenye jedwali, maana majitaka si shimo lake pekee. Kutoka Hayneville hadi Montgomery ni kama maili 25, na usafiri wa umma wa kutegemea hakuna. Kwa kiwango cha mwaka 2025 ambacho mamlaka ya kodi ya Marekani hukadiria gharama za gari, senti 70 kwa maili, kwenda na kurudi ni dola 35 kwa siku. Gari kuukuu lililokwisha kulipiwa litakula pungufu ya hapo, ila hata ukikata nusu, mwenye dola 7.25 anafanya kazi saa mbili na zaidi ili kulipia safari ya kwenda kazini. Hospitali kaunti haina, na Alabama imeendelea kukataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali, kwa watu wazima wenye kipato cha chini. Chakula kinatozwa kodi ya mauzo ya jimbo. Ilikuwa asilimia 4, ikashuka hadi 3 Septemba 2023 na 2 Septemba 2025, jambo jema lililochelewa, na juu yake kuna ya kaunti na ya mji.

Yote haya yanakutana na ile kodi ndogo ya majengo tuliyoisifu mwanzoni. Katiba ya jimbo ya 1901 iliibana, na tangu 1978 mashamba na misitu ya mbao yanaruhusiwa kutathminiwa kwa matumizi yake ya sasa badala ya bei ya soko. Katika kaunti ambayo ardhi kubwa ni misitu na malisho, makusanyo yanakuwa haba. Shule, barabara na maji vinapata kidogo, na kila kaya inajinunulia kivyake kile ambacho ingenunua pamoja na wengine. Urahisi wa Lowndes ndio huo. Kaunti haikununua, basi mwananchi ananunua, au anakaa bila.

Palikuwa na dalili za nafuu. Agosti 2022 Lowndes iliingizwa kwenye jamii 11 za majaribio za mpango wa serikali kuu wa kufikisha huduma za majitaka. Mei 2023 Wizara ya Sheria ilifikia makubaliano na Idara ya Afya ya Umma ya Alabama: idara iache kuwashtaki na kuwatoza faini wasio na uwezo, ipime hali ilivyo, iandae mpango. Kazi ya kuhesabu, ile iliyokosekana, hatimaye ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yenye sahihi. Aprili 2025 serikali mpya ya Washington iliyavunja makubaliano hayo kwa maelezo kwamba yalitokana na sera za usawa wa rangi ambazo sasa imezipiga marufuku. Udongo wa Lowndes haukubadilika mwezi ule.

Kwa hiyo kwa ndugu zangu wenye majedwali: mwenye pensheni, afya na gari zuri aende, atapumzika. Mwenye watoto wadogo na mshahara wa saa, kabla hajatuma pesa ya kiwanja cha bei ya kutupa popote kwenye ukanda ule, aombe kwanza majibu ya kipimo cha udongo unavyofyonza maji. Kisha aongeze bei ya karo juu ya bei ya kiwanja, atafute hospitali ya karibu inayozalisha akina mama, na ajaze safu hizo mbili kwa kalamu yake mwenyewe, maana aliyemtumia jedwali hakuziweka.