Gari Kuukuu Tunaliua Wenyewe kwa Maji ya Kisima

Gari la zamani likizimika hapa Mombasa, Kibarani au juu ya Daraja la Nyali, boneti wazi na mvuke unapanda, wapitao huwa na ushauri mmoja: uza hilo, tafuta jingine. Mimi nasema gari limeonewa. Mengi ya magari hayo hayakuchoka. Yameunguzwa, na kilichoyaunguza ni maji tuliyoyamimina sisi na mafundi wetu kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini.

Umri peke yake si ugonjwa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo lililoshushwa Kilindini likiwa na miaka 7, ukakaa nalo 10, leo lina 17. Injini iliyotunzwa haitishiki na miaka hiyo. Kinachozeeka ni mpira na plastiki: mipira ya maji, tangi la juu la rejeta, kifuniko chake. Vitu hivi hubadilishwa kwa pesa kidogo ukilinganisha na kufungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, na bado watu husubiri vipasuke.

Sasa maji. Ya bomba yatoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na mtaani hayaji kila siku. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Ukifulia, sabuni haitoki povu. Hakuna mwenye nyumba anayepikia chai maji hayo kwa hiari, atanunua mtungi wa maji matamu kwenye mkokoteni. Lakini injini ya alumini twainywesha yayo hayo, mwaka nenda mwaka rudi. Chumvi huila alumini, kutu na magaga huziba vijia vyembamba vya rejeta, na pampu ya maji huanza kuvuja. Utasikia watu wakisema kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ni ya Wazungu, ya kuzuia maji yasigande kwenye baridi. Hiyo ni kazi yake moja tu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na huchemka kwa joto la juu kuliko maji matupu. Sisi wa pwani ndio tunaoihitaji hasa.

Jambo jingine linaloniudhi ni mafundi kung'oa thamostati, ati huku kwetu kwenye joto haina kazi. Ina kazi kubwa. Huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kitu, kisha hufunguka. Ukiing'oa, injini hubaki baridi kwenye mwendo na kula mafuta zaidi, tena rejeta iliyoziba hujificha: barabarani upepo wa mwendo hulibeba gari, huoni dalili. Siku utakayokwama foleni ya feri Likoni saa saba mchana, hakuna upepo, feni iko peke yake, ndipo mshale wa joto unapopanda.

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na ushushe vioo. Utatoka jasho, lakini hita inaitoa injini joto. Tafuta pembeni uegeshe, uzime. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji yaliyobanwa mle yamepita nyuzi 100 bila kuchemka; ukilegeza tu, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nimeona mikono iliyobabuka kwa haraka hiyo. Wala usimwagie injini maji baridi ikiwa bado ya moto, hedi hupasuka. Subiri ipoe kabisa, hata ukichelewa kazini. Kisha chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiwashe tena. Ita gari la kuvuta.

Na pale ulipokwama una deni kwa wanaokuja nyuma yako, hasa kwenye mlima wa Mazeras ambako malori hupanda kwa shida na hushuka kwa kasi. Pembetatu za kuakisi ni mbili, ziwe garini siku zote, na uziweke mbali vya kutosha ili dereva wa lori apate nafasi ya kufunga breki. Wengi wetu hukata matawi na kupanga mawe barabarani, kisha gari likiwaka huondoka na kuyaacha. Usiku mwendesha bodaboda mwenye abiria huyakuta pale pale. Hili sitalisema kwa upole: ni hatari ya kuua mtu. Vijana waliokusaidia kusukuma bado wapo; waombe muondoe na mawe pia, na usiondoe gari mpaka jiwe la mwisho liwe nje ya lami.