Hii ya kupeleka saa mbele na kuirudisha nyuma, mi naona iishe tu

Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu hapa Uingereza ikigonga saa saba usiku inarukishwa inakuwa saa nane, hivyo tu, lisaa limoja limeenda, halafu wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi ikigonga saa nane usiku inarudishwa saa saba na mnaliishi lisaa lilelile mara mbili. Wenyeji washazoea, simu inajibadilisha yenyewe, saa ya jiko na ya gari zinabaki na uongo wake mpaka mtu akumbuke. Mi sijazoea na sioni kwanini nizoee.

Shida yangu kubwa ni nyumbani. Bongo hawagusi saa na hawana sababu ya kuigusa, Dar mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa havipishani hata lisaa zima, Nairobi ndo kabisa, ni dakika chache tu. Kwa hiyo anayehama kila mara ni sisi wa huku. Kipindi cha joto tunapishana masaa mawili, kipindi cha baridi matatu. Sasa mtu unatoka shifti saa mbili usiku, mwezi wa sita kule ni saa nne, mama bado yuko sebuleni na tamthilia yake, mnaongea vizuri mpaka salio la maneno linaisha. Mwezi wa kumi na moja unatoka saa mbili ileile, ila kule ishakuwa saa tano na mama keshalala zamani. Bosi hajanibadilishia ratiba, mama hajabadilisha muda wake wa kulala, lakini simu yetu ya jioni imekufa mpaka mwezi wa tatu mwakani, tunabaki kutumiana voisi.

Na nyie mlioko huko msidhani haiwahusu, mechi za Premier League za Jumamosi zile za saa tisa mchana wa huku mnaziangalia saa kumi na moja jioni mwezi wa tisa, halafu mwezi wa kumi na moja zinaanza saa kumi na mbili, mwenye kibanda umiza anafuta ubao anaandika upya na ratiba ya magharibi inagongana na mpira.

Wazo lenyewe hapa Uingereza lilipigiwa debe na mjenzi mmoja, William Willett, alikuwa anapenda kupanda farasi alfajiri na inamuuma kuona majirani wamefunga madirisha wamelala wakati jua liko nje. Mwaka 1907 akatoa kijitabu, na alitaka saa isogezwe dakika 80 nzima, ishirini ishirini kila Jumapili ya mwezi wa nne, fikiria hiyo vurugu. Bunge likamgomea, akafariki 1915 bila kuona kitu. Kilichokuja kuipitisha ni vita, Ujerumani walianza tarehe 30 Aprili 1916 ili wabane matumizi ya makaa ya mawe na Waingereza wakafuata tarehe 21 Mei mwaka huohuo. Sawa, vita ni vita. Ila makaa yenyewe washaachana nayo na taa za siku hizi hazili umeme wa maana. Kule jimbo la Indiana, Marekani, sehemu kubwa ilikuwa haibadilishi saa mpaka 2006, walipoanza watafiti wakapitia bili za majumbani wakakuta umeme umepanda kama asilimia 1, kwa sababu jioni zenye jua watu wanawasha viyoyozi.

Tukija kwenye afya ndo nachoka kabisa. Utafiti wa Sweden wa 2008 ulionyesha wiki ile ya kwanza baada ya saa kupelekwa mbele mshtuko wa moyo unaongezeka, na 2024 wataalamu wa usingizi wa British Sleep Society wakasema waziwazi hii kitu ifutwe, ibaki saa ya baridi, ile isiyopelekwa mbele, mwaka mzima.

Hapo kwenye "ibaki ipi" ndo ugomvi ulipo, maana ukiuliza watu wengi watakwambia wanataka ya joto, jioni ndefu, nyama choma bustanini. Mi nasema hapana, na sio kubuni, ilishajaribiwa. Kuanzia 1968 mpaka 1971 Uingereza walikaa na saa ya mbele mwaka mzima, kaskazini mwa Scotland wakati wa baridi jua likawa linachomoza karibu saa nne asubuhi, watoto wanaenda shule gizani, na mwisho bunge likaitupa kwa kura 366 dhidi ya 81. Urusi nao walifanya hivyohivyo 2011, asubuhi za giza zikawashinda, 2014 wakahamia saa ya baridi na mpaka leo wako hapo. Najua ya baridi nayo ina gharama yake, London mwezi wa sita jua litakuwa linatoka kabla hata ya saa kumi alfajiri, na jioni litazama saa mbili na dakika zake badala ya saa tatu. Nunua mapazia mazito. Mwili unahitaji mwanga wa asubuhi kuliko wa jioni, hilo kila aliyewahi kuamka mwezi wa kumi na mbili huku analijua.

Wala usitegemee itaisha kesho. Umoja wa Ulaya waliuliza wananchi 2018, majibu milioni 4.6, asilimia 84 wakasema ifutwe, bunge lao likapiga kura 2019 iishe 2021, halafu nchi zenyewe zikashindwa kukubaliana na mpaka leo haijaisha. Na Ireland inaumiza kichwa, kaskazini ni ya Uingereza na sehemu iliyobaki iko Umoja wa Ulaya, hivyo Ulaya wakifuta na Uingereza wakabaki nayo, kisiwa kimoja kitakuwa na saa mbili tofauti.

Kwa hiyo wakati tunawasubiri, wewe unayefanya naiti kwenye nyumba za wazee, ile ya mwezi wa kumi ni masaa kumi na tatu sio kumi na mbili. Hakuna sheria inayosema moja kwa moja lile lisaa la ziada lazima lilipwe, inategemea mkataba wako, ila ukigawanya mshahara kwa masaa uliyofanya kweli haitakiwi kushuka chini ya kima cha chini. Uliza kabla ya hiyo Jumapili, kwa meseji, sio kwa mdomo, na ya mwezi wa tatu nayo waulize, maana hapo wapo wanaokata.