Ughaibuni wanaume tunaosha vyombo. Halafu?

Kila nikiongea na ndugu zangu nyumbani, hakosi mmoja wa kuuliza kama ni kweli wanaume wa huku tunapika na kuosha vyombo. Kaka zangu huuliza huku wakicheka. Dada zangu huuliza kwa matumaini, na hao ndio ninaowahurumia, maana jibu langu huwavunja moyo: ni kweli tunaosha, lakini mtu asidhani ni ustaarabu uliotushukia uwanja wa ndege. Hakuna mwingine wa kuosha, basi.

Nyumbani, mke na mume wakiwa wote waajiriwa, kazi za ndani haziwagombanishi sana kwa sababu yupo dada wa kazi. Ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Mke akipata ajira, ratiba ya mume haiguswi. Anatafutwa mwanamke mwingine, mdogo kwa umri na mnyonge kwa kipato, aje kuziba pengo. Dada akiondoka ghafla, anaitwa mdogo wake mke, au bibi. Ndiyo maana swali la nani afanye nini halijawahi kuulizwa mezani. Huku msaidizi analipwa kwa saa, na familia ya kipato kama chetu haimmudu. Mlango ukishafungwa jioni mmebaki nyie wawili na watoto, sinki limejaa, na kila mmoja ametoka kazini.

Wanasosholojia wamebishana juu ya jambo hili muda mrefu. Mmarekani Talcott Parsons, katika miaka ya 1950, aliiona familia kama timu: baba atafute riziki na kushughulika na ulimwengu wa nje, mama atunze nyumba na mioyo ya waliomo, na mgawanyo huo akaona unaifaa jamii. Wazee wetu wengi wangempigia makofi. Ann Oakley wa Uingereza aliuliza swali la msingi zaidi: kazi yenyewe ikoje? Aliwahoji akina mama wa nyumbani 40 wa London, akakuta wastani wa saa 77 kwa wiki, akayachapisha matokeo mwaka 1974. Saa 77! Halafu ukiwauliza waume zao, wangesema mke hafanyi kazi.

Baadaye mwanasosholojia Arlie Hochschild akaandika juu ya wanawake wa Marekani wanaotoka kazini na kuingia zamu ya pili nyumbani, isiyo na mshahara. Hata hapo usidhani ni habari ya nchi fulani fulani. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake mwaka 2018, wastani ulikuwa saa 4 na dakika 25 kwa siku za kazi ya matunzo isiyolipwa kwa mwanamke, na saa 1 na dakika 23 kwa mwanamume. Nchi ambayo wanaume na wanawake wanalingana haikuonekana hata moja. Kwa hiyo wanaotuita tulioharibiwa na wazungu watulie. Wazungu wenyewe bado.

Na vyombo ndiyo sehemu rahisi. Vinaonekana, vinaisha, na mgeni akikukuta navyo unasifiwa. Kwetu mimi ndiye muoshaji wa kila usiku, ila anayejua kwamba viatu vya mtoto vimeanza kubana ni mke wangu. Anajua dawa ya kikohozi imebaki robo chupa. Anajua Alhamisi kuna kikao cha wazazi. Kwenye fomu ya shule namba yangu ndiyo ya kwanza, lakini mtoto akipata homa wanampigia yeye. Nimewaambia, wakanijibu kwa adabu kabisa, wakaendelea kumpigia yeye.

Mtafiti Allison Daminger aliichambua kazi hii ya kichwa mwaka 2019: kuona hitaji kabla halijafika, kutafuta njia, kuamua, kisha kufuatilia. Alichokuta ni kwamba kuamua ndiko wenzi hufanya pamoja mara nyingi. Kuona mapema na kufuatilia humwangukia zaidi mke. Nikiangalia marafiki zangu wa huku, wenyeji kwa wahamiaji, ni hivyo hivyo. Mke analeta majina ya madaktari wa meno watatu, mume anachagua mmoja, wanasema wameamua pamoja. Majina yalitafutwa saa ngapi, hakuna anayeuliza.

Sheria husaidia kidogo kuliko tunavyotaka, lakini kuliko mahubiri inasaidia sana. Norwei mwaka 1993 na Uswidi mwaka 1995 zilitenga sehemu ya likizo ya uzazi kwa ajili ya baba, asipoichukua inapotea. Akina baba wakaanza kuichukua. Mwanamume aliyebaki na mtoto mchanga wiki kadhaa bila msaidizi hujifunza kuona viatu vinavyobana.

Wenye pesa wa huku nao huajiri, na wanaoajiriwa mara nyingi ni wahamiaji wenzetu, wanawake wanaolea watoto wa watu huku wa kwao wakilelewa na shangazi au binti mkubwa. Kumbe mnyororo ni uleule, umevuka bahari tu.

Sasa mtazame mhamiaji huyu huyu akienda likizo nyumbani. Wiki haijaisha, ameshasahau sinki liko upande gani. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba dada wa kazi yupo.

Basi dada zangu, acheni kuniuliza habari za wanaume wa huku. Mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa majumbani, wa mwaka 2011, unasema dada wa kazi apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Mpeni siku hiyo, nanyi msishike chombo chochote mpaka arudi. Jioni yake nipigieni mniambie waume zenu wamefanya nini.